Kakakuona na Tundu la Tuta

Wanyama wa bondeni walikuwa na tuta la kuzuia mto, na sheria yao ilikuwa hii: fundi mkuu mmoja apandishwe cheo kutoka kwa wachimbaji, anayefuata aajiriwe kutoka nje. Safari hii zamu ilikuwa ya wachimbaji, na mkongwe wao alikuwa Fuko, mjane aliyezeekea kwenye udongo. Lakini Mfalme Kiboko akamwajiri Kakakuona, mgeni.

Fuko alijua tundu linalovuja chini ya tuta. Akanyamaza, ili mgeni aaibike.

Mvua kubwa ikaja, maji yakaanza kuingia mashimoni kwa watoto.

“Mama Fuko, panavuja wapi?” Kakakuona akauliza.

“Si wewe fundi mkuu? Tafuta!”

Kakakuona akatafuta, akaliona tundu. Akajikunja kama mpira, akajisukuma tunduni, magamba yake yakaliziba. Maji yakakoma.

Fuko akamkimbilia. “Toka, mwanangu, utakufa!”

“Nikitoka, watakufa wao. Leta udongo, mama.”

Akaleta udongo huku akilia, akamshindilia pande zote mpaka mto ukapungua. Walipomtoa, alikuwa hai, nusu ya magamba yameng’oka.

Hata leo Fuko husema, “Kiti kile kilikuwa haki yangu. Lakini yule, Mungu alimwajiri mwenyewe.”