Jemadari wa Kwenye Kochi

Ufagio ulifika kwenye miguu ya kijana, ukaizunguka, ukaendelea na safari. Miguu haikuinuka. Mwenyewe alikuwa vitani.

Mtandaoni alijiita Jemadari, na jeshi lake lilikuwa watu elfu kumi na mbili wasio na la kufanya asubuhi. Walikuwa wameapa kuisusia filamu mpya kabla haijaonyeshwa, kwa sababu mwigizaji wake mkuu alihojiwa redioni akasema kiongozi asiyetaka kuondoka ni sawa na mgeni aliyesahau njia ya kwao. Nchi ikavimba. Hakuna aliyeiona filamu, ila wote walijua ni mbaya.

Shangazi mtu ndiye fundi wa mavazi wa filamu hiyo hiyo. Kila shati la mwigizaji lilipita kwenye cherehani yake, pale pale sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye kochi. Wenye filamu walishamwambia: ikisusiwa, sehemu ya pili haitarekodiwa, na cherehani aifunike tu.

"Mwanangu, chai unayokunywa imetoka kwenye filamu hiyo," alimwambia.

"Shangazi, nchi kwanza," Jemadari akajibu, akasogeza kikombe kiongezwe.

Akamkumbusha pia kwamba bando limekwisha, na vita havipiganwi bila bando. Shangazi akamnunulia. Damu nzito kuliko maji, ingawa siku nyingine hukwama kooni.

Siku ya tatu mwigizaji akanywea. Aliandika kuwa maneno yale hayakuwa yake. Aliyasikia kwa mtu kazini, akayapenda. Jemadari akapandwa na homa ya ushindi. Akatangaza kwamba filamu itasamehewa kwa sharti moja: aliyemlisha maneno hayo atajwe hadharani.

Shangazi alikuwa akishona ukosi. Cherehani ikasimama.

"Akitajwa mtamfanyaje?"

"Tutamwanika. Mtu kama huyo hata ndugu zake wamhame."

"Hata ndugu?"

"Hata wa damu. Anayekaa naye chini ya paa moja na kula chakula chake ni msaliti mwenzake."

Shangazi akamwambia maneno mazito kama hayo yasipotee bure, ayaandike. Akayaandika. Watu elfu nne waliyapenda kabla chai haijapoa. Shangazi akachukua kisimu chake cha vibonyezo, akatoka nje kidogo, akarudi kwenye ukosi wake.

Alasiri mwigizaji akajitokeza mubashara. Jemadari alipandisha sauti ya simu hadi mwisho ili shangazi naye asikie nchi inavyotetewa.

"Ni fundi wangu wa mavazi," mwigizaji alisema, "na mwenyewe ameniruhusu nimtaje. Siku hiyo alikuwa ananipima kiuno, pini mdomoni. Wala hakuwa akizungumza siasa. Alikuwa akinieleza habari za mtoto wa kaka yake, aliyekuja kumtembelea kwa siku tatu, na huu ni mwaka wa nne."

Shangazi akautoa ufagio nyuma ya mlango. Ulipofika kwenye kochi, miguu ilikuwa imeshainuka yenyewe.