Tuliyokubaliana Kuyaacha

Kila Ijumaa, kwa amri ya mji, kila nyumba ilifanya kikao cha tathmini: lipi limekwenda vyema, lipi linatukwamisha, lipi tuliache. Lile mlilokubaliana kuliacha, mashine ya ukutani ililifuta vichwani mwenu mkiwa usingizini. Nyumba ya Mwanahawa na mumewe Shomari ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

Ijumaa hii Mwanahawa aliingiwa na udadisi, akaiamuru mashine iwasomee yote waliyokwisha kuyaacha. Kununiana asubuhi. Kugombea rimoti. Wakacheka mpaka machozi.

“La mwisho,” ilisoma mashine, “kumsubiri Hamadi ndipo mpakue chakula.”

“Hamadi ndiye nani?” aliuliza Mwanahawa.

“Simjui, Mama Hamadi,” Shomari alijibu, kama alivyomwita miaka yote, akapakua wali sahani mbili.