Ua la Kupigiwa Magoti

Kanga hakuwahi kusema "sijui" tangu atoke kwenye yai. Siku moja Swala alimwonyesha ua jekundu lililochipuka mbugani, akamuuliza, "Shangazi, hili ni ua gani?"

Kanga hakulijua. Lakini kwa mbali alimwona Ngiri amepiga magoti mbele ya ua kama lile.

"Hili ni Ua la Mizimu," akasema. "Ngiri wanaliabudu tangu enzi za mababu. Ukilipita bila kupiga magoti, pembe zako zitang'oka."

Kufikia adhuhuri mbuga nzima ilikuwa magotini, hata Twiga, na kwa Twiga hiyo si kazi ndogo.

Ngiri akaja, akapiga magoti, akaling'oa ua na kulitafuna pamoja na mzizi wake.

"Mzee, unakula mizimu!" Swala akapiga yowe.

"Mizimu gani? Sisi shingo zetu ni fupi, tusipopiga magoti tunalala njaa. Tena kiazi hiki kitamu, ila kinajaza gesi tumboni."

Akageuka aende zake, akajamba.

Swala akamkazia Kanga macho. "Na hiyo je, Shangazi?"

Kanga akainamisha kichwa. "Nyamaza, mwanangu. Mizimu inanena."