Dimbwi Mbele ya Lango

Ilikuwa dakika ya tisini ya robo fainali ya Kombe la Taifa, sare ya bao moja kwa moja na vigogo kutoka Santiago, mpira mrefu ulipopita juu ya kichwa cha Nolberto, mshambuliaji wa wenyeji, ukielekea langoni mwa wageni. Mvua ya Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, haikuwa imekatika tangu asubuhi.

"Tulia, babu," beki wa Santiago alimcheka, akipunguza mwendo. "Huo ni wa kipa."

Kipa naye alibaki kwenye mstari wake, akiusubiri.

Nolberto, miaka thelathini na minane, hakutulia. Siku za kazi ndiye aliyeutunza uwanja ule. Alijua kwamba mbele ya boksi dogo pana kibonde kisichokauka, hata akimwaga mchanga kiasi gani.

Akakimbia, matope yakimvua soksi hadi visiginoni.

Mpira ukadunda mara moja, ukatua dimbwini, ukasimama tuli.

Kipa akashtuka, akatoka mbio. "Wangu huo!"

Nolberto alikuwa ameshafika. Akauinua kwa ncha ya kiatu pamoja na maji yake, kipa akayapokea usoni. Jukwaa la mbao lilianza kunguruma kabla wavu haujatikisika.