Tone la Maziwa Juu ya Tola

Bibi alipokwangua kwa kucha tone la maziwa lililokauka kwenye Biblia, chini yake akakutana na mtu asiyemjua: Tola, aliyewaamua Israeli miaka ishirini na mitatu.

Akakumbuka. Miaka sita nyuma alikuwa akimsomea mumewe kipofu majina na miaka ya Biblia, mzee akijumlisha kichwani kwa ajili ya kitabu chake cha tarehe za kale. Maziwa yakafurika jikoni, akakimbia kuyaipua. Aliporudi, mkono ukidondosha maziwa, kidole kikatua mbele kidogo, kwa Yairi, mwamuzi aliyefuata. Maskini Tola, aliyepona vita vyote, akaja kuuawa na sufuria.

Tangu hapo kila tarehe ya mzee, kurudi nyuma hadi Gharika, imekosea kwa miaka ishirini na mitatu. Na mpiga chapa yuko sebuleni, amekuja kuchukua kitabu.

“Mke wangu!” mzee aliita, uso umemchangamka. “Namwambia huyu bwana, mimi nilihesabu tu, macho yalikuwa yako. Nimekushukuru ukurasa wa kwanza.”

“Hongera, mama,” mpiga chapa akasema, akiinuka na karatasi za kitabu kwapani.

Angenyamaza, nani angejua? Tola mwenyewe hajalalamika miaka elfu tatu.

Lakini mzee alikuwa bado amenyoosha mkono hewani, akimtafuta mkewe amshike.

“Keti kwanza, baba,” bibi alimwambia mgeni. Akaifungua Biblia mapajani mwa mumewe, akakichukua kidole cha mzee na kukiweka juu ya maziwa makavu.

“Mzee wangu, hapa kuna mtu nilimruka.”