Sahani ya Tatu

Siku hizi sheria haimruhusu mtu kusema "nilipitiwa tu." Kila kosa dogo la nyumbani lazima lifasiriwe, kisha mwenyewe achague tafsiri moja na kuitia saini.

Juzi niliandaa sahani tatu mezani. Tuko wawili tu, mimi na mume wangu Hizza, mwaka wa tisa sasa. Kisomaji cha ukutani, kile kifaa cha kufasiri makosa, kikawaka, kikatoa tafsiri mbili kama kawaida yake.

Ya kwanza ilikuwa ya wale wanaoamini kwamba nafsi ni mlinzi mlangoni, na matamanio yamefungiwa ndani: "Mlinzi alisinzia. Unatamani mtoto."

Ya pili ilikuwa ya wale wasioamini kuna mlinzi. Kwao huyo unayemwita "mimi" ni taswira tu kwenye kioo: "Sahani ya tatu ni ya mwanamke unayedhani ndiye wewe."

Hizza aliisoma ya kwanza mara mbili, machozi yakamlengalenga.

"Saini hiyo, Mwantumu. Tafadhali."

"Lakini mimi nilikuwa nawaza mchicha usiungue!"

"Hilo sheria hailitambui, mke wangu."

Niliogopa kumpa tumaini ambalo mwenyewe sikuwa na hakika nalo. Nikasaini ya pili. Hizza aliichukua sahani ile akairudisha kabatini.

Tangu hapo nahesabu sahani. Leo nimehesabu kwa sauti, nikapanga meza, nikamwita aje tule. Hizza akasimama nyuma ya kiti chake, akaitazama sahani yake, kisha mahali pangu patupu, akaniuliza taratibu:

"Mbona umeweka moja?"