Mtoto wa Miaka Ishirini na Mitatu

Siku hakimu aliposema Mwanahamisi ni mtoto, mama yake, Bi Kilanga, alipiga vigelegele humo humo mahakamani, na hakuna askari aliyemkemea.

Mwanahamisi alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa hasira alikuwa amechoma moto ghala la mwajiri wake, na zamani angefungwa pamoja na wakubwa. Lakini sheria mpya ilisema mtu hawi mtu mzima kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano. Akarudishwa kwa mama yake, kwa sharti alijenge upya ghala.

Mtaa mzima ulimpokea kwa ngoma na pilau. Tunu, binti mdogo wa Mwanahamisi, alimrukia shingoni.

"Jela imekukosa, mwanangu!" Bi Kilanga alisema, akilia na kucheka.

"Imenikosa, mama. Na ghala nitalijenga kwa mikono hii."

Kweli alilijenga. Paa lilipokamilika, mwajiri mwenyewe alimpa mkono mbele za watu, wakashangilia.

Jioni hiyo Tunu alishikwa na homa. Mwanahamisi akambeba mbio hadi zahanati, akaweka kidole kwenye mashine ya utambulisho. Muuguzi akatabasamu kwa upole.

"Mdogo wangu, mashine inasema wewe ni mtoto. Huwezi kumwidhinishia mtoto matibabu. Mzazi wenu yuko wapi?"

Bi Kilanga akaja akihema, akaweka kidole chake, na Tunu akapewa dawa. Homa ikashuka. Bibi alimpakata mjukuu kwa furaha, naye Mwanahamisi akasimama kando, akisubiri kuambiwa kama anaruhusiwa kumbeba.